Siku Linotype iliponitemea risasi

Nilikuwa bado najifunza, miezi michache tu tangu nianze kukalishwa mbele ya ile Linotype, mashine ya uchapaji inayomimina mstari mzima wa maandishi kuwa kipande kimoja cha risasi, na mkono ulishaanza kuwa mwepesi. Kibodi yake ina vitufe 90 na haina shifti, herufi ndogo ziko kushoto kwenye vitufe vyeusi, kubwa ziko kulia kwenye vyeupe, katikati bluu ndo namba na alama, na ukigusa kitufe kalibu ndogo ya shaba ya herufi hiyo inadondoka kutoka juu inaenda kujipanga na wenzake, tik tik tik, yani ule mlio niliupenda kupita kiasi.

Mzee aliyenifundisha alikuwa harembi, "mwanangu, mstari ujae kwanza ndo uutume". Maana kati ya neno na neno kunakaa kabari za chuma, mashine inazisukuma kwenda juu mpaka mstari unabana pande zote, ndo pampu inaingiza risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati na antimoni, moto karibu nyuzi 285. Sasa kabari nazo zina mwisho wake, mstari ukiwa mfupi mno haziwezi kuubana.

Jioni hiyo kurasa zilikuwa zinasubiriwa, mimi nikatuma mstari mfupi. Kuna kizuizi kinachotakiwa kuisimamisha pampu mstari ukiwa umelegea, siku ile hakikushika. Nikasikia fyaaa, risasi ikaruka inang'aa kama maji, tone moja likanipata mkononi juu kidogo ya kiwiko, lile kovu ninalo mpaka leo.

Mzee akazima mtambo. Hakuuliza kuhusu mashine, aliuliza "macho yako yako salama?" halafu akanishika mkono akaupeleka kwenye maji.

Baada ya hapo tukakaa zaidi ya saa nzima tunabandua risasi iliyoganda kila mahali, tunatumia kipande cha shaba, sio bisibisi, chuma kigumu kingekwaruza. Halafu akachukua zile kalibu moja moja akaziinua kwenye taa, akinionyesha ukuta wake wa pembeni ulivyo mwembamba, ukichubuka kidogo tu basi risasi inapenya katikati na kwenye karatasi kila herufi inatoka na unywele mweusi ubavuni. Tatu akaziweka pembeni kabisa. Mimi miezi yote ile nilikuwa nazisikia tu zikidondoka, sijawahi kuitazama hata moja vile!

Akairekebisha ile stopa ya pampu, akanirudisha kwenye kiti. Nikaupiga mstari uleule upya, mkono unauma, safari hii nikaangalia umejaa ndo nikashusha wenzo wa kuutuma. Ukatoka, bado wa moto, akaugeuza juu chini kama mafundi wanavyosoma, kushoto kwenda kulia, akapitisha kidole polepole juu ya herufi, akaniambia "endelea".