Patea: kuyafuata maji ya Fiordland

Hifadhi ya Taifa ya Fiordland, iliyotangazwa mwaka 1952, iko katika kona ya kusini-magharibi ya Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi. Ukubwa wake, zaidi ya kilomita za mraba 12,000, unaikaribia Serengeti, lakini kati ya barabara za kawaida za nchi ile, iko moja tu inayofika kwenye bahari ya hifadhi, nayo ni ile ya Milford, fiodi maarufu, yaani hori refu lililochongwa na mito ya barafu. Mimi sikuifuata. Nilichagua Doubtful Sound, fiodi nyingine ambayo Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, huiita Patea, mahali ambapo msafiri huvuka kwanza ziwa, kisha mlima, kisha akapanda boti ya pili.

Boti ya kwanza hung'oa nanga katika kijiji cha Manapouri na kukata ziwa la jina hilohilo, lenye kina cha mita 444, hadi ncha yake ya magharibi iitwayo West Arm. Hapo nguzo kubwa za umeme hutokeza katikati ya msitu, na abiria wengi waligeuza kamera zao upande mwingine, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kosa, kwa kuwa nguzo zile zinaieleza sehemu hii kuliko picha ya kilele chochote. Uso wa ziwa uko takriban mita 178 juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko ng'ambo tu ya milima. Wahandisi walichimba ukumbi ndani ya mwamba wa itale, karibu mita 200 chini ya ardhi, wakayaporomosha maji ya ziwa hadi kwenye mitambo saba, kisha wakayatoa kwa handaki la karibu kilomita 10 linalopita chini ya milima mpaka Deep Cove, ncha ya ndani kabisa ya Patea. Umeme huo ulikusudiwa kiwanda cha alumini cha Tiwai Point, kusini mwa kisiwa. Wafanyakazi waliojenga upande wa bahari walilala katika Wanganella, meli kuukuu ya abiria iliyotiwa nanga pale iwe bweni lao.

Mpango ulitaka pia uso wa ziwa uinuliwe, hatua ambayo ingezamisha fukwe na misitu ya kandokando. Wananchi wakakataa. Mwaka 1970 ombi lenye saini 264,907 lilifikishwa bungeni, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu milioni tatu. Chama cha Norman Kirk, kilichoahidi kuliacha ziwa katika kina chake, kilishinda uchaguzi wa 1972, na mwaka uliofuata serikali yake ikaunda jopo la walinzi wa ziwa. Hata hivyo basi lililotuvusha mlima lilipita Wilmot Pass, barabara ya changarawe isiyounganika na barabara nyingine yoyote ya nchi, iliyojengwa miaka ya 1960 ili mitambo mizito iliyoshushwa Deep Cove ifikishwe West Arm. Mradi uliokaribia kulizamisha ziwa ndio uliotufungulia njia sisi wageni tusio wapanda milima wala mabaharia, na sijaona namna ya kuusifu wala kuulaani kwa neno moja.

Mvua ilikuwa ikinyesha, na anayekwenda Fiordland asiombe vinginevyo. Pepo za magharibi zinazotoka Bahari ya Tasman hupanda milima hii zikiwa zimejaa unyevu, na Milford hupata karibu milimita 6,800 kwa mwaka, wakati Dar es Salaam, pamoja na masika yake yote, hupata kama 1,100. Siku ya jua maporomoko ya kudumu huwa machache. Mvua ikinyesha kwa saa chache tu, kila ufa wa mwamba hushusha maji, na kuta zilizosimama wima huonekana kama zimetandikwa nyuzi nyeupe.

Misitu ya kuta hizo haina udongo wa kutosha. Mimea midogo laini isiyo na maua hutangulia kushika jiwe, makangaga hufuata, kisha miti, ambayo mingi ni tawhai, yaani aina za beech wa kusini, huotesha mizizi inayoshikana na ya jirani zake kwa kuwa haina pengine pa kujishikiza. Mvua kubwa ikiulemea mti mmoja ukang'oka, huwakokota wenzake waliokuwa chini yake, na mlimani hubaki mchirizi wa jiwe tupu.

Mvua hiyohiyo, ikipenya katika majani yaliyooza, huchukua tanini na kuwa na rangi ya chai ya rangi, kisha hutandaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni nyepesi. Tabaka hilo huzuia mwanga, hivyo matumbawe meusi, ambayo kwingineko huishi kwenye kina kirefu, hapa hupatikana mita chache tu chini ya uso. Maji ya mitambo nayo yameliongezea unene tabaka la Patea, kwa hiyo hata fiodi yenyewe si kama Wahispania wa msafara wa Malaspina walivyoikuta mwaka 1793. James Cook, nahodha Mwingereza, alipita nje mwaka 1770 bila kuingia, akihofia kukosa upepo wa kumtoa.

Wamaori husimulia kwamba Tū-te-raki-whānoa, mmoja wa miungu yao, ndiye aliyezichonga fiodi kwa tezo, na kwamba Hine-nui-te-pō, mungu wa kike wa mauti, alipoona uzuri wake akaachilia namu, inzi wadogo wanaouma, ili binadamu wasitamani kukaa. Namu ni wa jamii moja na usubi tunaoufahamu Mahenge, ila hawa hawapofushi mtu. Wanauma tu, bila huruma, hasa chombo kinapotia nanga. Vaeni mikono mirefu. Pomboo tuliwaona, na sili pia, kwenye visiwa vya mawe karibu na mlango wa bahari.

Msafiri mwenye siku moja tu atalazimika kuchagua Milford, na hilo si balaa, kwani kilele cha Mitre Peak kinachotoka moja kwa moja baharini kinastahili sifa zake. Alale katika mji mdogo wa Te Anau, siyo Queenstown iliyo mbali zaidi, na aondoke alfajiri: barabara ni ya takriban kilomita 120, hupita katika handaki la Homer lililofunguliwa mwaka 1954, na mabasi ya Queenstown huanza kufika karibu na adhuhuri.