Tasnifu na Mahindi: Nilivyopanga Uzamili Nikiishi Kijijini Kilolo

Nyanda za juu za Iringa zina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba na hukatika Aprili kuelekea Mei. Ukiamua kuishi huku huku unasoma shahada ya uzamili, mvua ndiyo itakayokupangia ratiba, hata kalenda ya chuo iseme vingine. Mimi nilihamia baada ya kumaliza masomo ya darasani, nikiwa nimebakiza utafiti na tasnifu, na sioni wakati mwingine unaofaa. Mwaka wa vipindi na mitihani, chuo kiko Dar es Salaam na shamba liko kama kilomita 500 kutoka hapo, utakosa vyote viwili, na nauli imekwenda.

Kwanza niliichora kalenda ya shamba, kisha nikaziweka sura za tasnifu katika nafasi zilizobaki. Novemba hadi katikati ya Januari ni kazi za shamba tu. Kupanda mahindi kwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu moja moja, ni karibu mimea 18,000 kwa ekari. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP unaingia siku ya kupanda, na mwingine wa urea unafuata mahindi yakifika magotini, baada ya palizi ya kwanza. Palizi hiyo haiahirishiki. Wiki mbili za kuchelewa utaziona kwenye magunia Julai, ilhali sura ya tasnifu ikichelewa wiki mbili bado ni sura ile ile. Kwa hiyo kipindi hiki sijiwekei lengo lolote la kuandika. Nasoma makala moja usiku, naandika mistari mitano ya muhtasari, nalala. Aliye na ekari zaidi ya mbili na hana fedha ya vibarua, namshauri apunguze ekari kabla hajapunguza usingizi.

Februari hadi Aprili ndiyo miezi ya kuandika. Shamba halidai mengi zaidi ya kukagua viwavijeshi vamizi, na ukaguzi huo ni wa asubuhi moja kwa wiki. Napita shamba kwa zigizaga, nasimama vituo vitano, kila kituo naangalia mimea 20. Ikifika 20 kati ya 100 yenye majani yaliyotobolewa na kinyesi kibichi kwenye moyo wa mmea, napiga dawa jioni, nikiielekeza humo moyoni. Ukipiga jua la mchana umeogesha majani tu, kwa sababu kiwavi kajificha ndani. Baada ya hapo siku zilizobaki ni za mapitio ya maandiko na sura ya mbinu za utafiti.

Tatizo ni kwamba miezi hiyo hiyo ya kuandika ndiyo ya ukungu, na ukungu hauchaji betri. Hapa watu wengi hununua sola kwa kukisia, kwa hiyo nitaeleza hesabu. Kompyuta mpakato ya kawaida ukiwa unaandika hula wati 30 hivi. Saa sita ni wati-saa 180. Taa tatu za wati 5 kwa saa tano ni 75. Simu mbili ni kama 30. Jumla 285. Paneli ya wati 150 siku ya jua zuri inakupa 450 hivi baada ya upotevu, lakini siku ya ukungu mzito haifikishi hata nusu ya hapo. Betri ya asidi ya 12V na 100Ah ina wati-saa 1,200 kwenye maandishi. Usitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Nusu hiyo ni siku mbili bila jua, siku ya tatu unaandika kwa kalamu. Ukiweza, epuka inveta. Chaja ya gari ya kompyuta, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye 12V, inaokoa sehemu ya umeme ambayo inveta ingeigeuza joto.

Intaneti sikuifukuzia nyumbani. Kuna mlima ambapo simu hushika mnara vizuri, na huko hupanda mara moja kwa wiki nikiwa na orodha ya makala za kupakua. Zotero, programu ya kutunza marejeo, inafanya kazi bila mtandao na inahifadhi faili za PDF kwenye kompyuta yenyewe, mradi uwe umezipakua. Ile nafasi yake ya bure mtandaoni ni MB 300 tu, hivyo zima usawazishaji wa faili, acha ule wa taarifa za marejeo. Muulize mkutubi wa chuo chako juu ya Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo makala za kitaaluma, kabla hujaondoka mjini, na uhakikishe nywila yako inafanya kazi ukiwa nje ya chuo. Wengi hugundua wakiwa kijijini kwamba haifanyi. Kikao cha Zoom cha picha kinaweza kula GB nzima kwa saa. Cha sauti peke yake hakifiki MB 100.

Kwa msimamizi nilijizoesha kutuma kitu Jumatatu ya kwanza ya mwezi, hata kama ni kurasa nne. "Shikamoo Profesa. Naambatanisha Sura ya Pili, toleo la tatu. Nilichobadilisha kimeandikwa ukurasa wa kwanza. Naomba mwongozo wako hasa kwenye kipengele 2.4." Ujumbe wa namna hiyo hujibiwa upesi kuliko faili la kurasa 60 lisilo na swali. Jina la faili libebe sura, toleo na tarehe, na nakala ikae kwenye flashi nje ya nyumba unayofanyia kazi. Panya wa ghalani hawachagui waya.

Juni na Julai ni mavuno, baridi kali, na kuandika ni kidogo. Data nilizikusanya Agosti hadi Oktoba. Barabara ni kavu, wakulima wamevuna na wanakumbuka walichopata, na wengi wapo karibu, kwenye vinyungu, yaani bustani zao za bondeni. Nenda na dodoso Desemba uone: utajibiwa kwa heshima na kwa haraka, mkono ukiwa kwenye jembe, na majibu ya haraka si data.

Lakini ili uanze Agosti, barua ziondoke chuoni Mei. Kibali cha chuo kinapelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye anaandika kwenda wilayani, wilaya inaandika kwa Mtendaji wa Kata, na huyo anakutambulisha kwa Mtendaji wa Kijiji. Tembea na nakala kumi za kila barua, maana kila ofisi inabaki na yake. Kama utafiti unagusa afya, kuna kibali cha NIMR pia, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na hapo ongeza miezi. Kijiji unachoishi kiache. Jirani hatakwambia kiasi halisi cha mahindi aliyouza ilhali kesho mtakutana kwenye kikoba.

Dodoso nililiweka kwenye KoboCollect, programu ya simu ya kukusanyia data, ambayo hujazwa bila mtandao na kutumwa baadaye. Kwenye swali la mavuno, tenganisha idadi na kipimo. Mkulima atasema debe, gunia, lumbesa, au mkungu wa mahindi yaliyoning'inizwa jikoni. Gunia la debe sita linakaribia kilo 100, ila lumbesa la huyu si la yule. Mimi nilibeba mzani wa kuning'iniza na kupima debe moja katika kila kijiji. Asiyefanya hivyo atajaza jedwali zuri lisilolinganishika.

Kuku nilifuga, ila si zaidi ya 50 kwa awamu. Vifaranga wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, na kwa baridi ya huku maana yake ni kuamka usiku kuongeza mkaa, huku dirisha la juu likiwa wazi moshi usiwamalize. Wiki hiyo ni ya kupanga marejeo, siyo ya kuandika majadiliano. Chanjo ya kideri, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, niliiandika kwenye kalenda moja na tarehe za msimamizi.

Misiba nayo ni sehemu ya ratiba. Mgeni asiyeonekana msibani hapati kibarua wakati wa palizi. Niliacha siku nne wazi kila mwezi kwa ajili hiyo. Zisipotumika, zinahamia kwenye uchambuzi.

Kuhusu kuwasilisha, vyuo vingi hudai taarifa ya nia miezi kadhaa kabla, kisha kuna ukaguzi wa kufanana kwa maandishi na uchapaji mjini. Lenga kukabidhi Septemba ya mwaka unaofuata ukusanyaji wa data. Marekebisho ya watahini yakirudi Februari, yatakukuta urea imeshaingia na viwavi ndio kazi pekee iliyobaki.