Stenti yangu haikushika kutu

Nguzo za umeme ndizo zilizoniumbua. Nilipowekewa stenti, wavu mdogo wa chuma wa kuzuia mshipa wa damu usizibe, kwenye paja la kushoto, nikitoka nyumbani Temeke nilikuwa napita nguzo 20 bila kusimama. Mwezi wa nane zikawa 12, kisha 7, mwisho 3. Shavu la mguu linakaza kama limefungwa kamba, nikisimama dakika mbili linaachia.

Jirani akasema, "Mzee, hicho chuma kimeshika kutu." Mwingine akasema baridi yabisi, niukande mguu kwa maji ya moto ya chumvi. Nami, mtu mzima mwenye sukari, nikatumbukiza mguu kwenye beseni. Nikakaa naangalia taarifa ya habari, najisifu kwamba maji hayanichomi, mpaka mke wangu alipotia mkono akapiga ukelele. Ganzi ya sukari ilikuwa imenificha moto. Kisigino kikatoa malengelenge mawili, yakawa kidonda kilichogoma kupona. Washauri wangu hawakuja hata kunipa pole.

Hospitali wakapima presha mkononi na kwenye kifundo cha mguu: mkono 140, mguu 70. Nusu! Ukigawa ya mguu kwa ya mkono, jibu likishuka chini ya 0.9 tayari kuna jambo. Ultrasound ikaonyesha kovu limeota ndani ya ule wavu hadi njia ikabaki uzi. Kutu hakuna, ni nikeli na titani. Daktari akauliza kama nameza vidonge vya kuzuia damu kuganda. Nikatazama dari. Sigara sikuzitaja, shati likazitaja kwa harufu.

Waliingilia kwenye kinena cha kulia, nikiwa macho. Puto la kupanua njia ndani ya stenti lilipojazwa, paja liliuma nikataja majina ya marehemu wote wa ukoo. Puto hilo lilikuwa limepakwa paklitakseli, dawa ileile ya saratani, ili kovu lisiote upesi. Gharama? Kile kiwanja cha Chanika sasa ni cha mtu mwingine.

Mguu ukiwa wa baridi ghafla, umepauka na kufa ganzi, usihesabu nguzo, kimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Kidonda kimefunga. Kila siku natembea mpaka mguu uanze kuuma, napumzika, naendelea. Jana nguzo 26. Jirani wa kutu tulikuwa naye. Kwenye ya 15 akasimama, mkono kiunoni, anahema. Nikamuuliza chake kimeshika kutu wapi.