Miti ya mita 88 juu ya mgongo wa mlima

Nilikuwa nachora ramani ya urefu wa miti ya Amani, Usambara Mashariki, kwa data ya laida, yaani mamilioni ya nukta zinazopimwa kwa leza inayogonga miti na ardhi, iliyopigwa kutoka kwenye ndege. Mabondeni mambo yalikaa sawa. Juu ya migongo ya milima, ambako upepo kwa kawaida hudumaza miti, nikapata miti ya mita 88. Haiwezekani.

Siku mbili nzima nililaumu ndege wa angani, eti leza imewagonga. Wapi! Nilipoiondoa miti na kutazama ardhi tupu kwenye ramani iliyotiwa vivuli kana kwamba jua linaimulika, nikaona migongo imekatwa bapa kama meza.

Kumbe kosa lilikuwa kwenye kuchuja nukta za ardhi kutoka kwa zile za miti. Njia niliyotumia hupindua wingu lote la nukta juu chini, kisha huliangushia shuka la kufikirika. Shuka linapotua ndipo ardhi. Mlima uliopinduliwa ni shimo, na shuka langu lilikuwa gumu (ugumu 3, wa nchi tambarare), likapita juu ya shimo bila kuzama. Ardhi ikashuka, miti ikarefuka.

Nikaweka ugumu 1. Migongo ikarudi, ila penye majani mazito, ambako leza haikufika chini, shuka laini likazama hadi kwenye matawi, na miti ikawa vichaka. Nikapanua matundu ya shuka kutoka nusu mita hadi mita 1.5, nikawasha marekebisho ya miteremko mikali. Mti mrefu kuliko yote sasa una mita 51, nao uko bondeni.