Kalenda Yangu ni Faili Moja la Maandishi

Mwaka jana mama alipangiwa kumwona daktari saa tatu asubuhi. Mimi niliyepewa jukumu la kumpeleka niliandika tatu kwenye kalenda ya simu bila kuongeza saa sita, simu ikaelewa kuwa ni saa tisa alasiri, na tulipofika daktari alikuwa ameshaondoka. Mama hakunilaumu, lakini tangu siku hiyo nilitafuta kalenda inayoweza kufundishwa namna tunavyotaja saa sisi wenyewe, nami nimeipata katika programu ya remind, inayoendeshwa kwa amri za kuandika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta.

Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, husakinishwa kwa sudo apt install remind. Shughuli zote hukaa katika faili moja liitwalo .reminders, kila shughuli na mstari wake:

REM 5 +3 MSG Kulipa bili ya maji
REM Sat 1 MSG Kikao cha kikoba
REM 1 -1 OMIT Sat Sun MSG Kukabidhi hesabu za mwezi

Mstari wa kwanza hunikumbusha kila tarehe 5, na pia katika siku tatu zinazoitangulia. Wa pili hutafuta Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Wa tatu ndio ulionivutia kuliko yote, kwa kuwa huanzia tarehe mosi, hurudi nyuma siku moja huku ukiruka Jumamosi na Jumapili, na hivyo huangukia siku ya mwisho ya kazi. Sikukuu zenye tarehe maalumu nimeziandika juu ya faili, kwa mfano OMIT 26 Apr kwa Muungano na OMIT 9 Dec kwa Uhuru, nazo pia hurukwa. Idi huiongeza kwa mkono mwezi ukishaandama.

Kuhusu saa, remind huruhusu mtumiaji kutunga kanuni zake, na kwa kuwa dakika 360 ni saa sita na dakika 1080 ni saa kumi na nane, mistari hii miwili imenitosha:

FSET mchana(s) s+360
FSET usiku(s) s+1080

Sasa miadi ya mama huiandika kama nilivyoisikia:

REM 14 May 2026 AT [mchana(3:00)] MSG Kumpeleka mama kliniki

Nikiandika rem -c, kalenda ya mwezi mzima hutokea na miadi hiyo husomeka 9:00am, kwa hiyo naweza kuhakiki kabla ya kuiamini. Uangalifu unahitajika kuanzia saa sita usiku, kwa sababu hapo kompyuta imeshaingia tarehe mpya: basi la usiku wa kuamkia Jumapili, likiondoka saa tisa, lazima liandikwe kwa tarehe ya Jumapili yenyewe.

Mtu ambaye vikao vyake hupangwa na wenzake kwa mialiko ya barua pepe hatafaidika sana na mpango huu, maana faili halijazwi na mwingine isipokuwa mwenyewe. Kwangu hilo si tatizo. Nimeweka neno rem mwishoni mwa faili la .bashrc, hivyo kila nifunguapo terminali asubuhi shughuli za siku hutangulia kuonekana, hata bando likiwa limekwisha, na kila Ijumaa nakala ya faili huihifadhi kwenye flashi.