Nilivyoipa traiki yangu mota ya umeme

Wengi wakifikiria kuweka umeme kwenye traiki, yaani ndege ndogo nyepesi ya fremu yenye magurudumu matatu inayoning'inia chini ya bawa, huanza kuuliza ni mota ipi ya kununua. Mimi nilianza na bawa. Asubuhi isiyo na upepo nilipanda juu ya uwanja, nikazima injini ya petroli, nikapima kwa saa na kipimamwinuko kasi ya kushuka kwangu: takriban mita 2 kwa sekunde. Namba hiyo ndiyo iliyoamua karibu mambo mengine yote.

Mimi, fremu, bawa na betri tungefika kilo 220. Uzito huo usishuke unahitaji kilowati 4.3. Propela, mota na kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota) hula sehemu yake, nami nilikadiria asilimia 55 tu ya umeme ndiyo ingefanya kazi angani. Basi kuruka bila kupanda wala kushuka ni karibu kilowati 8, na kupanda mita 1.5 kwa sekunde ni karibu 14. Mota ya kilowati 15 ikanitosha. Jambo hili liliwezekana zamani: mwaka 2007 Randall Fishman wa Marekani alionyesha traiki yake ya umeme, ElectraFlyer.

Kichwa kiliuma kwenye betri. Ya kilowati-saa 6 ina kilo 33 hivi, zaidi ya maradufu ya lita 20 za petroli, na ukiitumia kwa asilimia 80 tu ili idumu, baada ya kupanda mita 300 unabaki na nusu saa ya kuruka. Basi. Anayekuahidi zaidi kwa uzito huo mwombe hesabu.

Seli nilizipanga 24 kwa mfululizo badala ya 14. Volti zikipanda ampea hushuka, na joto la waya hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo kwa waya uleule joto lilipungua hadi karibu theluthi. Kabla ya swichi kuu niliweka rezista, yaani kizuizi cha umeme, ya kujaza taratibu kapasita za kontrola, vijisehemu vinavyohifadhi umeme kidogo. Bila hiyo cheche hula ncha za swichi kila ukiwasha. Niliongeza pia ufunguo wa kukata umeme wote, maana mota ya aina hii imekaa kimya kabisa halafu propela inazunguka mara tu mkono ukigusa kaba, kidhibiti cha nguvu ya mota.

Traiki huning'inia kwenye bawa kwa boliti moja, hivyo betri nzito haiwekwi popote palipo wazi. Niliining'iniza traiki bandani, nikaisogeza betri chini ya kiti mpaka pua ya traiki ikakaa kwenye pembe inayotajwa na kitabu cha mtengenezaji.

Sasa hutua robo ya chaji ikiwa bado ipo. Betri inayokaribia kwisha volti zake huporomoka ukiikamua, na nguvu ya kupanda tena unapoahirisha kutua ndiyo hukosekana kwanza. Kwa safari ya uwanja hadi uwanja, bado ningechukua ya petroli.