Jumamosi yangu na ndoano, ziwa Kivu, Bukavu

Mtu akisikia navua kwa ndoano, anafikiri sina kazi. Unatupa uzi, unakaa, unangoja, basi. Nimefanya hivyo miaka 19 na watoto wangu watatu wamesoma kwa uzi huo. Kwa hiyo acheni niwaeleze Jumamosi ya leo.

Saa kumi alfajiri nasonga bugali wa mahindi, mgumu kuliko wa kula, halafu naukanda kwa unga mkavu mpaka ushikane kama udongo wa mfinyanzi. Tilapia anapenda chambo laini, lakini bugali laini unayeyuka majini kabla hajaufikia. Minyoo niliichimba jana jioni chini ya migomba, pale tunapomwaga maji ya vyombo, imelala ndani ya kopo na udongo wake.

Saa kumi na moja niko ziwani, nachota maji yaliyoingia kwenye pirogi, mtumbwi wangu. Wavuvi wa sambaza, dagaa wetu wadogo, ndio wanarudi, pirogi zao tatu zimefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zimezimwa, wanaimba kwa sauti zilizochoka. Tunainuliana mikono.

Saa kumi na mbili nilipaswa kumpakia mteja. Siku za wikendi watu wa mjini hunilipa niwapeleke kuvua, na bei tulikubaliana dola 15. Alifika saa moja na nusu. Wakati huo jua limeshapanda, na saa nzuri ya tilapia ilikuwa imepita nikiwa nimekaa juu ya jiwe.

Akafungua sanduku lake. Vijiko vya chuma vinavyong'aa, samaki wa plastiki wenye macho mekundu, ndoano za meno matatu. Vitu vizuri, sikatai. Alivua ziwa Tanganyika zamani, na kule kijiko kikivutwa majini sangala, samaki mkubwa anayewinda wenzake, anakiona kama samaki mdogo anayekimbia, anakifuata. Nikamwambia, "Patroni, Kivu hakuna sangala. Tilapia hafukuzi chuma." Akanijibu, "Kijana, wewe piga kasia." Nina miaka 46.

Nikapiga kasia. Saa mbili anatupa, anavuta. Saa tatu anatupa, anavuta, simu yake inaimba kwa sauti kubwa, na kila akisimama pirogi inayumba. Kijiko kimoja kilinasa kwenye matete, kingine kwenye kamba ya nyavu za watu, nikaingia majini mpaka kifuani kukitoa. Halafu akasema samaki wakubwa wako chini kabisa, twende katikati. Nilimweleza polepole kama ninavyomweleza mwanangu: ziwa hili linashuka mpaka mita 485, lakini ukipita mita 60 au 70 maji hayana hewa ya samaki, ni gesi tu. Na sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaletwa bila adui zao wakubwa wa kule. Ndiyo maana huku hakuna mwindaji wa kukimbilia kijiko. Hakuamini. Tukaenda katikati, akateremsha uzi wake wote, na mikono yangu ikafanya kazi ya kuzuia pirogi isipelekwe na maji mpaka mabega yakawaka moto. Hakuna kilichogusa.

Ilikuwa karibu saa tano aliposema, "Haya, tufanye ya kwako."

Nikaturudisha kwenye matete, nyuma ya rasi, pale kina ni kama urefu wa watu wawili. Nikatupa pumba ngumi mbili, nikampa mti wangu wa kuvulia. Boya langu ni kipande cha kandambili nilichokichonga kwa wembe, chembamba kama kalamu. Nikamwonyesha: tilapia hazamishi boya mara moja. Kwanza linatetemeka. Kisha linainama, linatembea upande kama linaburutwa na mtoto. Hapo usivute bado. Hesabu mbili, ndipo ugeuze kiganja tu, usirushe mkono. Wa kwanza alimrusha kwa nguvu, mdomo ukachanika, samaki akaenda. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akampata, mnene, wa kiganja na nusu, na yule mtu akacheka kama mtoto. Nami nilifurahi kwa kweli, maana nilijua mkono wake umesikia.

Wa nne ndiye alileta maneno. Ndoano ilikuwa imemshika nje, karibu na shavu, na nilipomwinua mayai ya manjano yakaanza kumwagika mdomoni. Mama wa tilapia hulelea mayai mdomoni na siku hizo hali chochote. Nilimfunga mdomo kwa vidole viwili, nikatoa ndoano, nikamrudisha majini taratibu mpaka akaondoka mwenyewe. Mteja akapandisha sauti: samaki wake, pesa yake. Nikasema huyo si wa kuuza, huyo ni samaki wa mwaka ujao. Tulipofika ufukweni alinipa dola 10, akaondoka.

Mchana upepo ulianza, nikalala kidogo chini ya mwavuli wa mama anayeninunulia samaki. Aliniuliza, "Papa, leo wachache hivi?" Nikamwambia asubuhi ililiwa.

Jioni nilirudi peke yangu na ndoano kubwa na matumbo ya kuku, kwenye tope, kumtafuta kambale. Yeye hatetemeshi. Anaondoka na uzi kama mtu anayechukua mali yake. Nilipata mmoja gizani, mzito, akaniteleza mara mbili kabla hajaingia ndani ya pirogi.

Mikono yangu bado inanuka ninapoandika. Kesho sivui, ni siku ya Bwana. Jumatatu alfajiri nitapita tena pale kwenye matete, polepole, bila kutupa uzi, nione kama yule mama bado yupo.